Kiranja Hajafunga Darasa

Kuna watu husema darasa huisha siku mnapopewa vyeti. Mnapigwa picha, mnakula pilau kwa sahani za karatasi, mama yako analia kidogo, halafu kila mtu anashika njia yake. Wanaosema hivyo hawakusoma na Kiranja wetu. Sisi tulimaliza chuo, chuo chenyewe kikafungwa, ile ghorofa tuliyosomea pale Thika mjini siku hizi inauza vitanda na magodoro, na bado sisi ni darasa. Ukitaka kubishana, nenda ubishane na yeye. Uende ukiwa umeshiba, kwa sababu mazungumzo yatakuwa marefu.

Jina lake silitaji. Si siri, ni vile tu hakuna anayelitumia. Tulimwita Kiranja tangu wiki ya kwanza, watoto wake wakatusikia, nao wakaanza kumwita hivyo hivyo nyumbani. Tulikuwa tunasomea upishi. Wengi wetu tulikuwa tumetoka shule ya upili juzi, na alama za kuombea msamaha, tunacheka ovyo. Yeye alikuja akiwa mama mzima, mtu wa magharibi mwa Kenya anayeishi mtaa wa Landless, akakaa kiti cha mbele katikati ya watoto. Siku ya kuchagua kiranja hakuna aliyejitokeza, maana kazi kubwa ya kiranja ilikuwa kuhesabu vijiko na visu jioni kabla jikoni kufungwa, na kimoja kikipotea analaumiwa yeye. Akasimama, akasema kwamba nyumbani anahesabu vitu kila jioni na hakuna anayemshukuru, afadhali ahesabu mahali anaitwa kiongozi. Tukapiga makofi. Tulidhani tumempa kazi ya mwaka mmoja.

Grupu ya simu tunayo, kama kila darasa. Ilianzishwa na Njoki, ambaye siku zile alikuwa akikaa dawati la pili karibu na dirisha, na leo ana duka la keki mtaa wa Kahawa Sukari. Ndani ya grupu mna kila kitu: heri za kuzaliwa, picha za watoto wakiota meno, picha za magari yaliyonunuliwa, mishumaa ya rambirambi. Kiranja anasoma yote na hajibu lolote. Ukiandika kwamba umejaliwa mtoto, wengine wanakutumia maua, yeye anatokea. Ukiandika kwamba umefutwa kazi, wengine wanakutumia ile mikono miwili ya kuomba, yeye anatokea. "Pole ya simu haina miguu," husema. Na ukinyamaza, ukae wiki baada ya wiki bila kusema kitu, hapo ndipo anakuja mbio zaidi. Alinieleza kwamba mwenye kulia kwenye grupu ako sawa, angalau ana nguvu ya kulia.

Na akija, haji kukaa. Hii ndiyo sheria yake kubwa, na ndiyo iliyotufanya sisi tuwe tofauti na madarasa mengine ninayoyajua. Kwa watu wengi, ukienda kumwona mwenzako unakaa kwa kochi, unaletewa chai, unaangalia picha za ukutani, unasema nyumba ni nzuri, unaenda. Kiranja anasema mpishi hatembelewi sebuleni. Sisi tukifika mahali, mwenye nyumba ndiye anayeketi. Tunavua viatu, tunafunga aproni, tunaingia jikoni kwake na kupika kwa vitu vyake pamoja na vile tulivyobeba. Mmoja ana nyanya, mwingine unga, mwingine nanasi la kununuliwa kando ya barabara. Mwenye nyumba anapiga kelele kutoka sebuleni kwamba tunamharibia, na hakuna anayemsikiliza.

Wageni wa sheria hiyo hudhani ni upendo peke yake. Ni upendo, ndiyo, lakini pia ni upelelezi. Kiranja akiingia jikoni kwako anajua maisha yako kabla maji hayajachemka. Anaunyanyua mtungi wa gesi kwa mkono mmoja, aone kama ni mzito. Ananusa mafuta ya kupikia, ajue yamechomwa mara nyingi kiasi gani. Anafungua kabati zote, hata ile ya juu ambayo watu huficha vyombo vya harusi. Nilimwambia siku moja kwamba hiyo ni tabia mbaya. Akanijibu kwamba mtu anaweza kukudanganya kwa mdomo, kwa nguo na hata kwa machozi, lakini kabati haijui kujifanya.

Barasa anaweza kukuambia zaidi. Barasa ni mwenzetu anayepika kwenye kantini ya kiwanda, anaishi Makongeni. Alikuwa ametuambia ameoa, anaishi vizuri, bibi anampenda. Tukaenda kumwona. Wakati sisi tunakatakata vitunguu, Kiranja akafungua kabati akakuta sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja, vyote vimeoshwa vizuri. Akatoka na kile kikombe mkononi mpaka sebuleni na kumuuliza Barasa, kwa sauti ya kawaida kabisa, bibi anakunywa chai na nini. Barasa akaangalia sakafu. Bibi alikuwa amerudi kwao tangu mvua ya masika, kwa ugomvi ambao Barasa mwenyewe hakuweza kuueleza vizuri ulianzia wapi. Mimi nilitegemea Kiranja atoe mahubiri. Alimwambia tu kwamba kabla hajapanda basi kwenda kumwomba arudi, anunue kwanza kikombe cha pili, akiweke kwa kabati, halafu ndiyo aende. "Usimwitie mtu mahali ambapo hakuna kikombe chake." Barasa akanunua. Siku hizi wana msichana, na wamempa jina la Kiranja, lile halisi. Kwa hivyo kule Makongeni kuna mtoto mdogo ambaye mimi huona haya kumwita, kama mtu anayemtaja mwalimu kwa jina la nyumbani.

Mimi nakaanga chipsi Ruiru. Nasema hivyo bila kuinamisha kichwa. Nina ndoto ya hoteli yangu, yenye bustani, meza za mbao, na ukuta uliopakwa rangi ya embe bivu. Ndoto hii nimeisimulia kwa watu wengi, na wengi hunitazama vile unavyomtazama mtoto anayesema atakuwa rubani. Kiranja hajawahi kuniuliza nitaifungua lini. Tukikutana, kitu cha kwanza ananiuliza, "Kamwana, leo hotelini kwako kunapikwa nini?" Hilo neno kamwana, yaani kijana mdogo, alilichukua kutoka kwa Wakikuyu wa Landless na analitumia kwa kila mwanamume asiye na mvi. Mimi namjibu: leo kuna samaki wa nazi, kuna mukimo, kuna supu ya malenge. Anafikiria, halafu ananikosoa. Supu ya malenge siku ya joto? Nani atakunywa? Basi nabadilisha. Hoteli yangu haina hata jiwe la msingi, lakini menyu yake imerekebishwa na Kiranja kwa miaka na sasa iko sawasawa.

Nisije nikamfanya malaika. Mdomo wake hauna mfuniko. Siri ukimpa asubuhi Landless, mchana inatembea Kahawa Sukari. Anasema kazi zote ni sawa, halafu ukienda naye dukani anamwambia mwenye duka, mtu hata hajamuuliza, kwamba yule Njoki wa keki ni wake, alisoma naye, yeye ndiye aliyekuwa akimhesabia vijiko. Anasamehe wizi, anasamehe matusi, lakini ukichelewa hata kidogo atakukumbusha mpaka Krismasi. Kwenye harusi analia kutoka mwanzo mpaka mwisho hadi watu wa bwana harusi wanauliza kama kuna shida. Kwenye matanga halii kamwe. Anatafuta kisu, anakaa kwa gunia la viazi, na anamenya mpaka jua linazama.

Halafu ana kiburi chake, cha kimya. Yeye ni mpishi wa shule ya msingi huko Ruiru, sufuria za githeri zinazotosha mtu kuogea ndani. Siku moja tukiwa naye Thika, tulikutana na mmoja wa walimu wetu wa zamani. Mwalimu akafurahi, akamwuliza anafanya kazi wapi, akaambiwa. Akatikisa kichwa kwa huruma na kusema kwamba kwa bidii aliyokuwa nayo, sasa hivi angekuwa amefika mahali.

"Kwani sasa niko wapi, mwalimu?" Kiranja akamwuliza.

Mwalimu akacheka, akidhani ni mzaha. Kiranja hakucheka. Alimngoja ajibu, pale barabarani, mpaka mwalimu akakumbuka ana haraka.

Sasa nije kwa Wairimu, kwa sababu huwezi kumwelewa mama huyu bila Wairimu.

Wairimu ndiye aliyekuwa na mkono kutuzidi sote. Mwalimu alikuwa anatuita tuzunguke meza yake tuone tu unga unavyomtii. Alikaa dawati moja na Njoki, na hao wawili walikuwa na mpango: Wairimu aende Uarabuni kupika kwenye nyumba za watu, arudi na mtaji, wafungue duka la keki pamoja. Walikuwa wameshachagua hata rangi ya dirisha. Siku ya kuondoka tulimsindikiza darasa zima, na nyimbo, na maombi, na Kiranja akilia kama yuko harusini. Mwanzoni Wairimu aliandika kila siku. Halafu akaandika mara moja moja. Halafu akanyamaza. Njoki alingoja, akangoja, mwisho akafungua duka peke yake. Dirisha alilipaka ile rangi waliyochagua.

Mwaka huu Njoki alihamia nyumba mpya, akatualika. Tulifika na aproni zetu na mifuko yetu ya vitu, tukakuta hema limesimamishwa, wapishi wa kukodishwa wako kazini, na msichana mpole amesimama kwa mlango wa jikoni. Njoki mwenyewe akaja kumshika Kiranja mkono, akamwambia, "Mathe, leo pumzika. Leo nyinyi ni wageni wangu, hamgusi kitu." Alisema kwa mapenzi, naapa. Lakini nilimwona Kiranja akikaa ukingoni mwa kiti, mfuko wake wa unga magotini, kama mtu aliyekuja kliniki akaambiwa daktari hayuko.

Baada ya kula Njoki akasimama. Alisema sasa sisi ni watu wazima, darasa letu linafaa kuwa na mpangilio. Kuna watu kwenye grupu ambao ni majina tu. Hawasaidii, hawachangii mawazo, hawasemi hata pole mtu akifiwa. Waondolewe. Watu wakaitikia. Kisha mmoja akamtaja Wairimu, mwingine akasema huyo alishakuwa mkubwa, dhahabu za Uarabuni zimemziba masikio. Kukawa na kicheko kidogo. Njoki hakucheka.

"Nimemwandikia na nikachoka," akasema. "Anasoma. Naona kabisa amesoma, zile alama zinageuka buluu. Hajibu."

"Anasoma?" Kiranja akauliza kutoka ukingoni.

"Anasoma, Kiranja. Kila kitu."

"Basi yuko darasani. Hata mwenye kukaa nyuma kimya yuko darasani. Nani alikuambia darasa ni la wenye kuinua mikono?"

Njoki akasema hiyo ni rahisi kwa mtu ambaye hakuachwa peke yake na mpango wa watu wawili. Sauti yake ilikatika kidogo hapo mwisho, na mimi nikaangalia sahani yangu. Wakapiga kura. Mikono ikawa mingi. Njoki akatoa simu, akabonyeza, na Wairimu akawa ametoka, hivyo tu, kati ya nyama na soda.

Kiranja akainuka, akajipangusa unga kwenye sketi.

"Nitoe na mimi," akasema.

Watu wakamsihi, wakamwambia asichukulie hivyo, wakamwambia yeye ndiye mama wa darasa. Akasema ndiyo sababu. Hawezi kuwa kiranja wa nusu. Njoki akakataa kumtoa, basi Kiranja akampa Barasa simu amtoe, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua pa kubonyeza. Barasa akamtoa, halafu akajitoa. Mimi nikajitoa kama mtu anayeacha kanisa. Tukatoka watu watatu na unga wetu.

Wiki zilizofuata niliona Kiranja amenyong'onyea, ingawa angekataa ukimwuliza. Alikuwa ameshazoea kuzijua habari za kila mtu, nani amepandishwa cheo, nani amepata mapacha, na sasa alikuwa anazipata mkono wa pili kutoka kwangu, mimi ninayezipata kutoka kwa wateja. Nilimwambia tunaweza kurudi tu, hakuna atakayetucheka. Aliniuliza kama hotelini kwangu mteja mmoja akifukuzwa kwa kukaa kimya, mimi nitaendelea kupakua.

Halafu mambo yakageuka, kwa sababu ya chapati.

Mwenzake wa jikoni pale shuleni alikuja siku moja na chapati ya kununua, akamkatia kipande. Kiranja akaivuta, akaona tabaka zinavyoachana. Ukisukuma chapati kama watu wengi, unakunja donge kama konokono. Wairimu peke yake, darasani kwetu, alikuwa anakata duara kutoka katikati hadi ukingoni, anaviringisha kama kofia ya sherehe, halafu anaikandamiza kwa ncha. Ikiiva inafunguka kama ua la waridi. Kiranja akaacha githeri ichemke peke yake, akauliza ilinunuliwa wapi. Akaambiwa: kibandani, hapa hapa Ruiru, karibu na yale majumba yanayojengwa.

Alienda siku hiyo hiyo na kikapu cha unga, sukari na majani ya chai. Wairimu alipomwona alipita nyuma ya mabati na hakurudi. Akaenda tena Jumamosi. Mwenye kibanda, mama mmoja wa makamo, akasema huyo mtu hayuko, na miguu ya Wairimu inaonekana chini ya pazia. Kiranja akaiamkia ile miguu, akaacha kikapu, akaenda zake. Kikapu akakikuta mlangoni kwake Landless siku ya tatu, na unga haujaguswa.

Nikamwambia pengine tumwache. Mtu ana haki ya kutotaka kuonekana.

Tulikuwa tumeketi nje ya lango la shule, Kiranja amevua viatu. Akaniambia kwamba amekosea, na sijawahi kumsikia akisema neno hilo kabla wala baada. Alikuwa amempelekea pole. Mara mbili amempelekea mpishi chakula, kama mgonjwa.

"Mpishi mwenye aibu hapelekewi unga, kamwana. Anapelekewa njaa."

Asubuhi yake alienda mpaka Kahawa Sukari, akaingia dukani kwa Njoki kwa mara ya kwanza tangu ile sherehe. Hakusalimia kwa maneno mengi. Alifungua gazeti alilofungia chapati ya kile kibanda, akaitoa, akaiweka juu ya kioo cha keki. Njoki alinisimulia baadaye kwamba alianza kukasirika, akifikiri ni kejeli. Halafu akaivuta. Akaiangalia. Akakaa chini juu ya gunia la unga na suruali yake nyeupe, akauliza, "Amerudi lini?"

Kiranja akamwambia hajui, waende wakamwulize, ila asile kitu tena mpaka saa za chakula cha mchana.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta nimeketi kwenye benchi la kibanda, tumbo likinguruma, Njoki upande huu na Kiranja upande ule, hatujabeba hata nyanya. Kiranja alikuwa amechagua wakati kwa makusudi. Mwenye kibanda alikuwa ameenda sokoni, wafanyakazi wa mjengo walikuwa wameanza kushuka, na Wairimu alikuwa peke yake mbele ya kikaango, hana pa kukimbilia. Alikuwa amekonda. Alituona wote watatu kwa pamoja, na mkono wake ukasimama juu ya moto mpaka nikaogopa atajichoma.

Kiranja akagonga meza. "Chapati na ndengu, sahani tatu. Na haraka, tuna njaa."

Wairimu akapakua. Akaweka sahani mbele yetu bila kumwangalia mtu, akarudi kwa moto wake. Tukala. Mimi nakuambia, nilikuwa nimesahau kwamba chapati inaweza kuwa hivyo. Njoki alikuwa anakula huku machozi yanaanguka kwa ndengu, na hakuyapangusa. Kiranja yeye alitafuna polepole kama mkaguzi, akasukuma sahani mbele.

"Hii ndengu haina chumvi."

Wairimu hakugeuka. "Iko."

"Haiko. Siku hizi unapika kama mtu anayeogopa."

Hapo akageuka. Alikuwa na kifimbo cha kusukumia mkononi, na kwa mara ya kwanza macho yake yakakutana na yetu. "Mama, wewe ulichoma keki ya mtihani mbele ya mwalimu mpaka jirani akaja na ndoo ya maji. Utaniambia mimi chumvi?"

Ni kweli, alichoma. Wanaume wa mjengo wakacheka, Barasa angekuwepo angeanguka. Kiranja akaonja tena, akakubali kwamba pengine chumvi iko kidogo. Na Wairimu, akiwa bado na kifimbo juu, akaanza kuongea. Aliongea akisukuma, akigeuza, akipakua, hakusimamisha kazi hata mara moja. Alisema nyumba aliyopikia kule haikuwa nyumba ya kukaa, na alirudi kabla ya wakati. Hakueleza zaidi, na Kiranja, ambaye hufungua kila kabati, hakuifungua hiyo.

"Mlinisindikiza watu wote wale," Wairimu akasema. "Na nyimbo. Nirudi na mkoba mmoja niwaambie nini?"

"Ungeniambia mimi," Njoki akasema.

"Wewe hasa ndiyo sikuweza."

Njoki akajipangusa uso kwa kiganja. Akasema duka bado ni lile lile walilopanga, nafasi iko, hata kesho aje waanze kazi. Alisema haraka haraka, kama mtu anayeogopa mlango utafungwa. Mimi nikafurahi, nikataka kusema kitu, na Kiranja akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Ile biashara tuliyopanga ilikuwa ya watu wawili," Wairimu akasema. "Hii ni yako, umeijenga. Sitaki kuajiriwa na wewe, Njoki. Na sitaki unionee huruma. Hapa napika, watu wanalipa, wanarudi kesho. Sijaiba." Aligeuza chapati kwa vidole, bila kijiko, vile alivyokuwa akifanya darasani mwalimu akimgombeza. "Lakini Jumapili nitakuja niangalie hiyo oveni yako. Moto wa chini ni mwingi. Keki zinakauka pembeni."

Nilimwona Njoki akizifikiria keki zake moja moja.

"Ulionja lini?"

Wairimu akasukuma donge lingine.

"Wairimu. Ulionja lini?"

"Kila ukiweka aina mpya dirishani," akasema kwa sauti ya chini. "Napitia Jumamosi jioni, wakati wewe huwa umeenda nyumbani."

Moshi ulikuwa unatuingia machoni, tukaulaumu moshi. Nyuma yetu wale wa mjengo walikuwa wamejaa, helmeti mikononi, na mmoja, mzee kidogo, akauliza kwa heshima lakini kwa kuchoka kama sisi tumemaliza, maana wenzake wamesimama na saa yao ya kula inaisha, watangoja mpaka lini.

Kiranja akamgeukia, akamtazama vizuri, akavuta sahani yake tena na kukata kipande kingine.

"Ngojeni kidogo," akamwambia. "Hata sisi tumengoja."